Wimbi linakimbia, kioo kinazima: je, oskiloskopu yangu imekufa?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa redio na TV. Nimenunua oskiloskopu ya mtumba, ile ya kioo cha zamani, chaneli mbili, 20 MHz. Nikipima amplifaya, wimbi linakimbia, mara kushoto mara kulia. Nalisimamisha kwa kuzungusha ile nobu ndogo ya VAR iliyo katikati ya nobu ya muda, lakini baada ya dakika chache linaanza tena kutembea. Nikibonyeza NORM kioo kinakuwa cheusi kabisa. Nimejaribu pia kuangalia jicho la rimoti ya TV (kile kipokezi cha mwanga wa rimoti) kwa 1 ms (milisekunde) kwa mraba mmoja wa kioo: kwenye AUTO naona mapigo yamelaliana, siwezi kusoma chochote. Fundi mwenzangu anasema taimubesi imekufa, na hata ingekuwa nzima 20 MHz haitoshi kwa rimoti, kwa hiyo niiuze kwa vipuri ninunue ya dijitali. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Usiiuze oskiloskopu yako, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, angalau si leo. Katika yote uliyoeleza sioni dalili ya taimubesi iliyokufa, yaani saketi inayouvusha mwale wa elektroni kwenye kioo. Taimubesi ikifa, mwale hausafiri: unabaki na kitone, au mstari wa wima ukiweka sinyo (umeme unaopimwa), au giza kwenye modi zote. Wewe unapata wimbi kamili linalotembea, maana yake mwale unasafiri vizuri sana. Tatizo ni kwamba kila safari inaanza mahali tofauti. Na kile kioo cheusi cha NORM kilichokutisha ni mashine ikifanya kazi yake sawasawa.

Tuanze na kinachotokea ndani. Mwale wa elektroni unavutwa kutoka kushoto kwenda kulia na volti inayopanda taratibu na kuanguka ghafla, umbo la jino la msumeno. Ukiweka 1 ms kwa mraba na kioo kina miraba kumi, safari moja ni 10 ms. Ukifika kulia mwale unazimwa, unarudishwa kushoto, kisha unasubiri. Kioo hakina kumbukumbu. Fosfori inang'aa kidogo na kufifia. Unachokiona kuwa picha moja iliyotulia ni mamia ya safari zilizochorwa moja juu ya nyingine. Zikianza zote kwenye nukta ileile ya wimbi, picha inasimama. Zikianza ovyo, wimbi linakimbia, na zikianza kwenye nukta mbili au tatu tofauti, unaona mawimbi mawili au matatu yamelaliana.

Wengi hudhani triga hushika wimbi lisiende. Wimbi halishikiki, linakuja kwa mwendo wake. Triga huamua kitu kimoja tu: mwale uanze lini. Mfikirie mtoto anayetaka kuingia kwenye kamba inayochezeshwa na wenzake. Hasimamishi kamba. Anaitazama, anangoja ifike kimo fulani ikiwa inapanda, ndipo anaingia. Kimo hicho ndicho nobu ya LEVEL. Kupanda au kushuka ndiko swichi ya SLOPE, maana kamba hupita kimo kilekile mara mbili kila mzunguko, na mtoto akichanganya hizo mbili atajikwaa.

Kwa hiyo LEVEL ni volti. Wimbi lako likicheza kati ya +2 na −2 na wewe umeiweka LEVEL kwenye +3, wimbi halifiki hapo kamwe na triga haitokei. Hapo ndipo NORM na AUTO zinapoachana. Kwenye NORM mwale haupigi hatua mpaka triga itokee. Hakuna triga, hakuna mstari, kioo ni cheusi. Kwenye AUTO saketi inangoja muda mfupi, makumi ya milisekunde, na isipopata triga inauanzisha mwale yenyewe ili angalau uone mstari upo wapi. Ni msaada mkubwa ukiwa unatafuta sinyo, lakini safari hizo za kujianzisha hazina uhusiano wowote na wimbi, ndiyo maana wimbi linakimbia. Wimbi likikukimbia kwenye AUTO, mashine inakwambia kwamba haijapata triga. Ukienda NORM wakati huohuo, bila shaka utapata giza. Ni ujumbe uleule.

Sasa hiyo VAR. Hapa naomba uniamini na uiache. VAR hubadilisha mwendo wa mwale. Kwa kuizungusha ulikuwa unatafuta mwendo ambao safari ya mwale inalingana kwa bahati na vipindi vya wimbi. Inawezekana, na zamani sana ndivyo ilivyofanywa kwenye oskiloskopu zenye mwale unaojirudia bila kusubiri. Lakini amplifaya ikipata joto na masafa yakasogea kidogo, ulinganifu unavunjika na wimbi linatembea tena, kama ulivyoona. Baya zaidi, VAR ikitoka kwenye CAL (mahali pake pa kipimo sahihi), namba za nobu ya muda hazina maana tena: huwezi kuhesabu miraba ukapata milisekunde. Mwaka 1947 kampuni ya Tektronix ya Oregon, Marekani, ilitoa modeli 511 yenye mwale unaosubiri triga na muda unaoweza kusomwa moja kwa moja kwenye nobu, na mtindo huo ndio uliotawala. Mashine yako imerithi hilo. Irudishe VAR kwenye CAL, uisikie inagota, na uisahau.

Fanya jaribio hili kabla ya kugusa kazi ya mteja. Mbele ya mashine pana kijichuma kinachotoa mawimbi yenye umbo la mraba ya kupimia probu (waya wa kupimia), mara nyingi 1 kHz. Ning'iniza probu hapo kutoka CH1. Weka AUTO, SOURCE (chanzo cha triga) iwe CH1, COUPLING iwe AC, muda 0.5 ms kwa mraba, na panga volti ili wimbi lichukue miraba minne hivi kwenda juu. Usilifanye dogo, triga ya ndani nayo hulishwa na sinyo hiyohiyo, na likiwa chini ya mraba mmoja mashine nyingi huanza kusuasua. Sasa zungusha LEVEL polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Kuna eneo la katikati ambapo wimbi litasimama, na pembeni kote litakimbia. Likiwa limesimama, bonyeza NORM: picha itabaki. Geuza SLOPE: mwanzo wa picha utahama kutoka ukingo unaopanda kwenda ukingo unaoshuka. Ukiyaona hayo, triga yako ni nzima na taimubesi yako ni nzima, na unaweza kumwonyesha rafiki yako.

Ikiwa LEVEL haileti mabadiliko yoyote, angalia SOURCE kabla ya kushika bisibisi. Naweza kusema bila kuhesabu kwamba hili ndilo kosa linalopeleka oskiloskopu nyingi nzima kwa fundi: probu iko CH1, SOURCE iko CH2 au EXT (tundu la triga ya nje). Triga inatazama waya usio na kitu. Mashine ya mtumba huja na swichi zilivyoachwa na mwenyewe wa kwanza, na hizo zina miaka. Zizungushe mara nyingi huku na huku kusafisha miguso kabla ya kuzilaumu.

Kuna SOURCE mbili nyingine unazopaswa kuzijua. LINE huanzisha mwale kwa umeme wa ukutani wenyewe, 50 Hz. Kwa mtu wa amplifaya ni zana nzuri mno. Una mngurumo kwenye spika? Weka LINE, muda 5 ms kwa mraba. Ngurumo ikisimama tuli, chanzo chake ni umeme wa ukutani; ikitembea, tafuta kwingine, pengine amplifaya inajitengenezea wimbi yenyewe. Kisha hesabu: vilele vikija kila 10 ms, hiyo ni 100 Hz, mabaki ya daraja la dayodi, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa ya kuchuja. Vikija kila 20 ms, ni 50 Hz: dayodi moja ya daraja imekatika, au waya wa ethi umeunganishwa vibaya, au transfoma inaingiza mngurumo kwenye waya wa kuingilia. Tahadhari moja kwa sisi tunaokatikiwa umeme: LINE hufuata umeme unaolisha oskiloskopu. Ukiiendesha kwa inveta na amplifaya ikawa kwenye umeme wa gridi, mambo hayo mawili hayaendi sambamba na jaribio halina maana.

Nyingine ni ALT, ambayo kwenye mashine fulani huandikwa VERT MODE. Hii humpa kila chaneli triga yake. Ni tamu kwa sababu mawimbi mawili yenye masafa tofauti yanasimama yote, na hapo ndipo inapodanganya. Kila wimbi limeanzishwa na nukta yake lenyewe, kwa hiyo huwezi kutazama CH1 na CH2 ukasema hili limechelewa kwa kiasi gani kuliko lile. Ukitaka kulinganisha ingizo na tokeo la amplifaya, chagua SOURCE moja, na ni bora iwe upande wenye sinyo safi zaidi.

COUPLING ya triga, yaani jinsi sinyo inavyofikishwa kwenye triga, nitaipita haraka. AC inafaa kwa sauti. HF REJ huzuia kelele za masafa ya juu zisiifyatue triga, na itakusaidia unapotazama mngurumo uliojaa vinyweleo (kelele kali) vya paueasaplai ya kukata-kata (switching). TV ni ya sinyo za picha. DC utaihitaji sasa hivi kwa rimoti.

Tuje huko, maana ndiko swali lako lilipo na utamu. Kwanza hofu ya 20 MHz. Mwanga wa rimoti za kawaida huwashwa na kuzimwa kama mara 38,000 kwa sekunde. 38 kHz ni chini ya sehemu moja ya mia tano ya uwezo wa mashine yako. Na mguu wa kutoka wa jicho la rimoti hautoi hata hiyo 38 kHz: jicho limekwisha kuichuja ndani, linakupa mapigo ya polepole tu. Likiwa limepumzika mguu huo unakaa juu, karibu 5 V, na mwanga ukifika unashuka chini. Rafiki yako hapo kakosea kwa mbali.

Kwa nini basi picha ni takataka? Chukua mfumo wa NEC, ambao rimoti nyingi hutumia. Ukibonyeza kitufe, jicho linashuka kwa 9 ms, linapanda kwa 4.5 ms, kisha zinafuata biti 32. Kila biti huanza kwa pigo la 0.56 ms, ikifuatwa na pengo: fupi la 0.56 ms kwa sifuri, refu la karibu 1.7 ms kwa moja. Jumla ni kama 67.5 ms. Ukiendelea kushika kitufe, ujumbe haurudiwi wote. Kila baada ya 110 ms hivi inatoka alama fupi tu, 9 ms chini, 2.25 ms juu, na pigo dogo la kufunga. Sasa tazama AUTO: inangoja makumi ya milisekunde, haioni kitu katikati ya mapengo, inauanzisha mwale yenyewe, na ujumbe unaingia mwale ukiwa njiani. Kwa sinyo zenye mapumziko marefu kama hizi, au zozote zilizo chini ya 20 au 30 Hz, AUTO si mahali pake. Nenda NORM.

Lakini NORM peke yake haitoshi ukiwa na 1 ms kwa mraba. Safari ya mwale ni 10 ms, ujumbe ni 67.5 ms. Mwale unamaliza, unarudi, unakuta ukingo mwingine unaoshuka, wa biti fulani katikati, unaanza tena. Kisha tena. Kila ukingo ni triga halali kwa mashine. Haijui kwamba wewe unautaka ule wa kwanza. Ndiyo maana mapigo yamelaliana. Dawa ni HOLDOFF, nobu ambayo wengi hawaigusi maisha yao yote. Huongeza muda wa mwale kusubiri baada ya safari kabla triga nyingine haijakubaliwa. Ukiuvuta muda huo upite mwisho wa ujumbe, ukingo unaofuata kukubaliwa utakuwa wa mwanzo wa ujumbe mwingine. Mashine yako ikikosa HOLDOFF, au isipofika mbali kiasi hicho, punguza mwendo: kwa 10 ms kwa mraba safari ni 100 ms, inameza ujumbe wote na hakuna cha kuichanganya. Biti zitakuwa zimebanana, lakini utaona kama ujumbe upo na umekamilika, na kwa fundi mara nyingi hilo ndilo jibu.

Mpangilio wenyewe: CH1 kwenye DC, 1 V kwa mraba kama probu iko ×1, au 0.1 V ikiwa iko ×10. NORM. SOURCE CH1. COUPLING DC, kwa sababu kwenye AC wastani wa sinyo huhama mapigo yanapoanza na LEVEL yako inabaki inatazama hewa. SLOPE hasi, kwa kuwa jicho huanza kwa kushuka. LEVEL katikati, kama 2.5 V. Punguza taa ya chumba, ongeza mwangaza wa mwale kidogo, bonyeza rimoti. Kioo kitabaki cheusi mpaka ubonyeze, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa na rimoti ya Sony anza nayo: hurudia ujumbe mzima kila 45 ms, kwa hiyo picha inang'aa vizuri zaidi. Jaribu 2 ms kwa mraba kisha zungusha HOLDOFF mpaka picha iwe moja.

Ujumbe kamili wa NEC hutoka mara moja kwa kila kubonyeza, kwa hiyo utauona kama mmweko. Unaweza kuweka simu kwenye kigoda, chumba kikiwa giza, kamera ikiwa imepangwa kufungua kwa sekunde kadhaa, ukabonyeza rimoti mara moja. Kama mashine yako ina SINGLE, itumie hapo: taa ya READY inawaka, mwale unasafiri mara moja na kufunga.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Klipu ya ethi ya probu imeungana moja kwa moja na chasisi ya oskiloskopu na waya wa ethi wa ukutani. Ukiibana kwenye upande wa msingi wa paueasaplai (ule uliounganishwa na umeme wa ukutani), penye karibu 325 V baada ya daraja, unaunganisha umeme na ardhi: utapoteza probu, pengine mashine, pengine zaidi. Mafundi wengine hukata mguu wa ethi wa plagi ya oskiloskopu ili "ielee". Usifanye hivyo, chasisi nzima unayoishika itakuwa na umeme. Kinachotengwa ni kifaa kinachopimwa, kwa transfoma ya kutenganisha. Kwa jicho la rimoti kuna njia nyepesi zaidi: ling'oe, ulilishe kwa betri tatu kavu, 4.5 V, upime mezani. Hakikisha mpangilio wa miguu kwa namba iliyoandikwa juu yake, maana haufanani kwa majicho yote.

Na ya dijitali? Rafiki yako hajakosea kabisa. Kama kazi yako inaelekea kwenye rimoti, data na vitu vinavyotokea mara moja, mashine inayohifadhi picha itakupumzisha, na hata ya bei ndogo itaishinda yako kwa kazi hiyo. Lakini kwa mngurumo, amplifaya, osileta (saketi ya kuzalisha mawimbi) na paueasaplai, ya analogi inakuonyesha wimbi papo hapo, na ung'avu wa mstari unakwambia ni sehemu gani hutokea mara nyingi na ipi ni nadra. Ujue pia kwamba ya dijitali ina LEVEL, SLOPE, AUTO, NORM na HOLDOFF zilezile. Asiyezijua atabonyeza kitufe cha kupanga chenyewe, na kwa rimoti kitufe hicho kitamwangusha. Ningekuwa wewe ningejifunzia kwenye hii uliyonayo, kisha niongeze ya dijitali kazi ikilipa.

Kuna hali ambazo nitakuambia uitafutie fundi. Umefanya jaribio la kijichuma cha mbele, SOURCE ni CH1, wimbi ni miraba minne, na LEVEL haisimamishi chochote. Jaribu CH2 na SOURCE ya CH2, na LINE pia. LINE ikifanya kazi na chaneli zote mbili zikakataa, hitilafu iko kwenye njia ya kupeleka sinyo kwa triga. Hata AUTO ikiwa giza, weka X-Y (modi isiyotumia taimubesi), mwangaza ukiwa mdogo, uzungushe nobu za POSITION: kitone kikionekana, kioo ni kizima na taimubesi ndiyo ya kuchunguzwa. Usikiache kitone kimesimama kwa ung'avu mkubwa, kitachoma fosfori. Kisipoonekana kabisa, usifungue mfuniko kwa udadisi. Ndani kuna zaidi ya 1,000 V, na kapasita zake hushika chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Mtafute mtu aliyezoea vioo vya aina hiyo. Wakufunzi wa maabara za elektroniki kwenye vyuo vya ufundi, kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au chuo cha ufundi Arusha, ni mahali pazuri pa kuulizia. Nenda na mashine, probu zako zote mbili, na karatasi uliyoandika kila jaribio lilitoa nini, hasa lile la LINE.